Risasi Katika Mchele wa Kavimvira

Mapendo mwanangu,

Salamu za kuulizana hali tuziache, maana nasikia pumzi zako nyuma ya pazia, na hali yako naijua: umechoka kwa kuagwa. Wala sitakuandikia habari za chandarua, za kufunga mlango na za kuchagua marafiki. Hayo utaambiwa kesho na kila mtu kutoka hapa mtaani kwetu Songo hadi mpakani, na wengine watakuambia mara mbili. Ninakuandikia kwa sababu ya gunia la mchele.

Liko pale mlangoni. Mama yako mdogo Furaha amelishona kwa uzi wa buluu wa nyavu, kwa mshono wake ule wa karibu karibu ambao hauhitaji jina la mwenyewe. Warundi wa bonde huita chakula cha namna hii impamba: posho anayopewa mtu anayeondoka, ili siku za kwanza ugenini tumbo lake liwe bado nyumbani. Nimekaa kando ya gunia hilo tangu aliponiachia, kama mtu aliyeachiwa mgeni asiyempenda. Ninataka kukuomba usiule mchele huo. Lakini nikikuomba hivyo tu, utasema moyoni, "Mama ameanza tena," na utakuwa na haki. Basi nivumilie nianzie mbali kidogo. Unajua napenda kueleza.

Vita vya kwanza vilipofika nilikuwa Bukavu, nimeitwa kusahihisha mitihani. Ulikuwa ndiyo kwanza unasimama kwa kushika ukuta. Nilikuacha kwa mdogo wangu Furaha kwa sababu ya safari fupi, na barabara ya bonde ikafungwa nyuma yangu. Furaha alikufunga mgongoni akavuka nawe ziwa mpaka Kigoma, akakaa nawe kambini, akakurudisha. Mimi nilizuiliwa na vita, kisha na woga, kisha na vita vingine. Watu hunihurumia kwa miaka ile. Lakini ukweli ni kwamba kila niliposikia kwamba uko hai, nilishukuru Mungu kwanza, na neno la pili moyoni mwangu lilikuwa: yuko hai mikononi mwa nani?

Siku niliyofika Kavimvira, nyumbani kwa Furaha, mlikuwa uani. Furaha alikuwa anapepeta mchele kwenye ungo, nawe umechuchumaa mbele yake ukiokota punje zilizoruka. Alinitazama, akaangusha ungo, akalia. Wewe hukulia. Mimi nilikuwa mgeni aliyevaa viatu.

"Mape," akakuambia, "salimia mama yako. Njo huyu, mama mwenyewe, ule wa picha."

Ukasimama wima, ukaunganisha mikono nyuma kama ulivyofundishwa shuleni, ukasema, "Bonzhu, Madamu."

Majirani wote walicheka. Furaha alicheka huku akifuta machozi. Nami nikacheka, mwanangu, na kicheko kile sijakimeza hadi leo. Ulimwita yeye Mama. Mimi ukaniita Madamu, jina ambalo wanafunzi wote wa Uvira waliniita mimi mwalimu wao. Hata nilipokuleta Songo, ulichukua muda mrefu kuliacha, na ulipoliacha hukuweka jingine mahali pake upesi. Ulikuwa unaniita "weye". "Weye, maji iko wapi?"

Na wali. Je, unakumbuka? Nilinunua mchele mzuri sokoni, nikaupika kwa uangalifu kama ninavyopika dawa. Ukaonja, ukaweka kijiko chini. "Muchele ya mama haiko hivi," ukasema. "Ya mama iko na harufu." Ilikuwa kweli. Mchele wa Furaha ulinukia tangu sufuria ikiwa jikoni, na shamba lake la nyuma ya nyumba, pale bonde linapoanzia, lilitoa mpunga mzito kuliko wa majirani. Kila Jumamosi ulikimbia kwenda kuula. Kila Jumapili nilikuja kukuchukua, nikakaribishwa, nikaula pia, na kila tonge nililihesabu kuwa la kwake.

Sasa nifike kwenye madini.

Unajua kazi ya baba yako mdogo Kashindi, mumewe Furaha. Wakati wa vita vile vya pili mizigo haikuwa inafika, na wavuvi wa Kalundu walikosa vizito vya nyavu. Kashindi akatafuta betri. Magari ya jeshi yaliyoungua yalikuwa yametupwa njiani kote, na kila gari lina betri, na ndani ya kila betri mna vipande vya madini yale ya kijivu, mazito, laini, ambayo Wafaransa huyaita plomb. Alipasua betri, akamwaga asidi pembeni mwa mtaro wa shamba, akayeyusha vipande juu ya makaa nyuma ya nyumba, akamimina kwenye vijishimo alivyochimba mchangani. Wavuvi walivichukua vizito vyake kwa mtumbwi mzima. Walimwita Fundi Plombo. Alikuwa mtu mcheshi. Alisema samaki wa Kalundu wanakufa kwa sababu yake na hawajamshtaki.

Majivu ya makaa yale Furaha hakuyatupa. Mkulima gani hutupa majivu? Aliyamwaga kwenye kitalu cha mpunga, kwa sababu majivu hufukuza wadudu. Hivyo ndivyo mama yetu alivyomfundisha, na mama yetu hakukosea. Lakini majivu ya mama yetu yalikuwa ya kuni tu. Na baada ya kuvuna, Furaha alitandika mikeka kuanika mpunga palepale, uwanja wa kuyeyushia, kwa kuwa palikuwa pamekauka na pagumu, bila majani.

Jumapili moja niliona rangi ya majivu hayo pale kitaluni. Yalikuwa na manjano ya mgando, kama kiini cha yai lililopikwa sana. Makaa hayana rangi hiyo. Nikachukua kiasi kwenye kikopo. Shuleni kwetu kabati la kemia lilikuwa limeporwa mara mbili, lakini waporaji hawakujua thamani ya kichupa kimoja cha chumvi ya iode, yaani iodini, kilichobaki nyuma. Ukilowesha majivu yenye plomb kwa siki, ukachuja, ukadondoshea maji ya chumvi ile, hutokea ute wa manjano inayong'aa kama dhahabu. Niliwafundisha watoto jaribio hilo miaka mingi, kwa sababu ni zuri kutazama.

Nilidondoshea. Manjano ikatokea.

Nitakuambia kilichofuata, na hili sijamwambia padri wala mtu. Nilifurahi. Kabla ya kuogopa kwa ajili yako, uliyekula wali ule miaka yote ile, kabla ya kumwogopea mdogo wangu na watoto wake, nilifurahi. Nilikuwa nimepata kasoro katika mchele wa Furaha.

Hofu ilikuja baadaye, na ilikuwa hofu ya kweli. Madini yale mtu hayasikii mdomoni. Hukaa kwenye mifupa na damuni. Mtoto mdogo huyapokea haraka kuliko mkubwa, na humfanya mzito wa kujifunza, mwenye tumbo linalouma bila sababu. Mpunga wenyewe hujitahidi. Sehemu kubwa huizuia mizizini. Lakini asidi ya betri huuchachusha udongo, na udongo mchachu huyafungua madini, mmea ukayanywa. Na hata yasipopanda kwenye bua, vumbi la uwanja wa kuyeyushia hutua juu ya mpunga uliotandazwa. Kwamba majivu yalikuwa na sumu, nilikuwa na hakika. Kwamba imeingia punjeni, na kwa kiasi gani, sikuwa na hakika, wala kichupa changu hakingeweza kuniambia. Punje inahitaji mashine ya kupimia.

Dada mwema angefanya nini? Angevuka mji kwa miguu, angemvuta mdogo wake nyuma ya nyumba, angemwambia: Furaha, hamisha kitalu, anika mahali pengine, na majivu haya tuyazike. Lilikuwa neno la dakika moja.

Mimi nilingoja mkutano wa akina mama baada ya misa ya Ijumaa. Nilitaka wasikie wote, hasa wale waliocheka siku ile ya "Bonzhu, Madamu". Nikasimama na kikopo changu, nikaeleza kama niko ubaoni, na nikamaliza kwa kusema: "Mchele wa nyumba ya Furaha una risasi."

Hapa, mwanangu, simama kidogo, kwa sababu kila kitu kiligeuka kwenye neno hilo. Kiswahili cha vitabu kina neno moja kwa madini hayo na kwa kile kinachotoka kwenye mdomo wa bunduki: risasi. Mbele ya mwalimu aliyetulia hakuna tatizo. Mbele ya watu wa Uvira wenye vita mlangoni, risasi ni masasi ya bunduki, na masasi hayana maana ya pili.

"Masasi?" mama mmoja akauliza. "Mu muchele?"

"Kabisa," nikasema. "Nimepima."

"Yesu! Ngapi?"

"Haionekani kwa macho," nikajibu.

Lo, walivyotawanyika! Kufika jioni nusu ya mtaa walikuwa uani kwa Furaha na nyungo zao, wanachekecha mchele kutafuta risasi. Waliuchekecha wote. Bibi mmoja alipata kijiwe, akakipitisha mkono kwa mkono, wakakiuma, wakasema ni jiwe. "Haiko na masasi hata moja!" wakatangaza, wakampongeza Furaha, na yeye kwa kushukuru akawapikia wali. Waliula wote. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya ua, nikisikia vijiko.

Kama ingeishia hapo, tungeitia katika hadithi za kuchekesha za ukoo wetu. Lakini neno halikai mahali ulipoliacha. Asubuhi yake lilikuwa limefika kwenye kizuizi, kwa wale wenye bunduki waliotawala mji siku zile. Nao hawakusikia habari ya kemia. Walisikia kwamba kwa Kashindi, kwenye magunia ya mchele, mnafichwa risasi.

Ulikuwepo walipokuja. Ilikuwa Jumamosi yako. Kwa hiyo unayajua kuliko mimi, mimi nilisimuliwa.

"Masasi iko wapi?"

"Masasi gani, shefu? Huku iko muchele tu. Mimi ni fundi ya nyavu."

"Fundi ya nyavu! Na hii yote?" Walikuwa wameona vizito, rundo zima, vya kijivu, vidogo, vya mviringo. Mwanangu, hebu vitazame kwa macho yao.

Walipasua magunia yote kwa visu vya bunduki. Mavuno ya msimu mzima yalimwagwa uani, wakayakanyaga wakitafuta, kisha wakakusanya yaliyokuwa safi wakaenda nayo, na Kashindi wakamwongoza mbele. Alirudi baada ya juma zima na zaidi, hai, kwa sababu wavuvi wa Kalundu walikwenda kumsemea na nyavu zao mabegani ili kuonyesha kazi ya vile vizito. Lakini mkono wake wa kulia haujapanda juu ya bega tangu siku hiyo. Ulikuwa ukiniuliza zamani kwa nini baba mdogo anakula kwa mkono wa kushoto, nami nilikuwa nakujibu, "Vita." Lilikuwa jibu la mwalimu mvivu.

Wakati hajarudi nilikwenda kwa Furaha. Alikuwa amepiga magoti, anaokota mchele kwenye vumbi, punje kwa punje. Nami nikapiga magoti nikaanza kuokota. Akaniita yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake, lakini bila kunitazama:

"Yaya, ungeniita pembeni."

"Furaha, nilitaka kusema plombo. Ile ya betri. Niliposema risasi, wao walisikia..."

"Basi ungesema plombo. Plombo kila mutu anajua. Hata mutoto anajua."

Akaendelea kuokota. "Kama ulikuwa unataka mutoto wako, yaya, ungeniomba mutoto. Minye ningekupa. Ungeacha muchele yangu."

Nimeifikiria sentensi ile kuliko kitabu chochote nilichosoma. Maana alisema kweli: nililijua neno plombo. Nilikuwa nimelisikia uani kwake kila Jumapili. Nilichagua risasi, na kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba nililichagua kwa sababu ni Kiswahili safi. Sasa naona nililichagua kwa sababu linatisha. Wivu una masikio mazuri, mwanangu. Katika maneno mawili yenye maana moja, hutambua mara moja lipi litaumiza.

Sikuoni ukiwa mtu wa wivu. Pengine umepata moyo wa Furaha pamoja na wali wake. Lakini utasoma, utajua mambo ambayo waliokulea hawayajui, na utakuja siku moja na ukweli mkononi kama kikopo changu. Siku hiyo jiulize kwanza unafurahi kwa sababu gani. Sisemi uunyamazie. Kunyamaza nako nimekufanya, na ndiko kulikoharibu zaidi.

Kwa sababu sikiliza kilichofuata: hakuna. Baada ya mambo yale, nani angeweza tena kumwambia Furaha habari za madini katika mchele? Nilijaribu mara moja, pole pole, kwa neno lake mwenyewe. Nikamwambia plombo ile inaingia mwilini.

"Plombo ya nyavu?" akacheka. "Samaki yote ya Kalundu inashikwa na plombo, na weye unakula. Ulikufa lini?"

Kashindi akadakia, "Mwache, mama. Yaya anasikia wivu ya harufu."

Walicheka, nami nikacheka. Kashindi ameacha kuyeyusha, mkono haumruhusu. Lakini majivu yako palepale ardhini, na madini hayaozi kama samadi. Kila msimu Furaha huotesha kitalu chake mahali pale pale, na kila akiotesha naona ananijibu. Na Riziki, kitinda mimba wake, anarudia darasa tena mwaka huu, na tumbo linamsumbua. Watoto wengi hurudia darasa, na matumbo mengi yanauma huku kwetu kwa minyoo na kwa maji. Sijui. Hicho ndicho kinachonila: sijui, na mimi ndiye niliyeharibu njia ya kujua.

Leo mchana alipoleta gunia, ulimrukia shingoni. Akakusukuma, akakutania, "Weye, unaenda kusoma ao kunenepa?" Ukalia. Hujalia kwa ajili yangu kwa namna hiyo, na si lazima. Kila mtu hulia alikojifunzia kulia. Kisha akanigeukia, akapiga gunia kwa kiganja. "Yaya," akasema, "hii haiko na masasi." Mkacheka wote wawili, mmeshikana. Miaka yote hii, na bado niliwatazama kama mtu anayechungulia nyumba ya wenyewe.

Hata wewe nakuonea wivu kidogo, nikubali. Unaingia katika chuo cha ng'ambo ya mpaka chenye laboratwari, maabara ya kweli. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nimepewa nafasi kama hiyo, ikapita. Nimefundisha kemia maisha yangu yote kwa chaki na kwa kichupa kimoja.

Basi ninachokuomba ni hiki. Chukua gunia. Usilikatae mbele yake kesho. Atakuwa amesimama pale mpakani, ulibebe aone. Ila usiule mchele mpaka umepimwa. Mtafute mwalimu mwenye mashine, mweleze. Chota juu, katikati na chini, uchanganye. Gawa mafungu mawili, moja ulioshe na jingine usilioshe: kama madini yamo katika lile lisilooshwa tu, ni vumbi, na mikeka mipya na uwanja mwingine vitatosha. Kama yamo katika yote mawili, yako ndani ya punje, na kitalu lazima kihame. Ndani ya mkoba wako nimetia pia kifuko cha mahindi ya bustani yangu, hii ya kando ya barabara ambako malori yanapita mchana kutwa, na moshi na vumbi lake huenda vina plombo pia. Yapime nayo. Sitaki mashine imhukumu mmoja tu kati yetu.

Na jibu likipatikana, lolote lile, usiniandikie mimi kwanza. Mwandikie yeye. Riziki atamsomea, na Riziki ndiye jambo lenyewe. Ikiwa hakuna kitu, mwambie kwamba mchele wake ni safi, na mimi nitaisikia habari hiyo kwa namna atakavyoingia hapa Songo akicheka, nami nitauvumilia ule mcheko mpaka mwisho. Ikiwa kipo, mwambie pole pole, wewe uliyekula sahani moja naye. Usinitaje, usiseme kwamba mama alikuwa na haki. Haki yangu ilikwisha kwenye mkutano ule.

Mwandikie kwa maneno ya Kavimvira. Usiandike risasi. Andika plombo.

Na barua hiyo uianze kwa "Mama". Atalitafuta neno hilo juu kabisa kabla ya kusikia mengine, namjua. Yangu itafuata siku nyingine, ukipata nafasi, na ukikosa jina la kuianzia, andika tu "Madamu". Nitajua ni mimi.

Mama yako wa Songo